Reli Kwenye Suruali ya Papa Donatien

Clarisse alikuja na suti ya baba yake ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, akasimama mlangoni mwangu, mtaa wa Katuba, bila kubisha, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikimenya viazi vitamu. Sikumtambua mara moja. Mara ya mwisho nilimwona akiwa msichana wa shule mwenye soksi nyeupe, na soksi hizo nilizipiga pasi mimi mwenyewe, maana katika nyumba yao hata soksi zilipigwa pasi. "Yaya Boni," akasema, kama anayemwita kaka mkubwa, "papa alitutoka juzi. Tunamuzika kesho asubuhi. Alisema weye njo utapiga pasi nguo yake. Asema bengine bote bataweka reli." Nikaweka kisu chini, nikapangusa mikono kwenye suruali yangu, nikaupokea mfuko. Nikamwambia pole, kama inavyotakiwa. Nikamwambia arudi alasiri, courant, yaani umeme, ikiwa imerudi. Alipoondoka nikafunga mlango, nikatandika suti ile juu ya kitanda, koti juu, suruali chini, kama mtu aliyelala chali, nikakaa kwenye kiti nikaitazama. Sitadanganya kwamba nilimlilia. Nilichofikiri ni kwamba baada ya miaka zaidi ya ishirini Papa Donatien ameletwa kwangu akiwa hana mdomo, na kwamba nina mpaka alasiri kuamua nitamfanya nini.

Reli ni neno la watu wa pasi. Suruali ina mstari mmoja mbele na mmoja nyuma kwa kila mguu. Usipolinganisha mishono vizuri, usipotafuta mstari wa zamani kwa vidole kabla ya kuweka pasi, unaweka mstari mpya pembeni ya ule wa kwanza, na hiyo miwili inakimbia sambamba kutoka pajani mpaka chini kama njia ya treni. Hilo ndilo kosa la aibu kuliko yote katika kazi yetu. Kuunguza kunaweza kumpata yeyote, makala, yaani makaa, yakiruka au courant ikipanda ghafla. Lakini reli inamaanisha hukuangalia. Katika mji huu ambao nusu ya watu wana babu aliyefanya kazi ya reli, kila mtu anaelewa utani huo bila kuelezwa.

Mwaka niliomjua ni ule ambao wageni wa migodi walianza kurudi kwa wingi, Lubumbashi ikajaa magari meupe yenye bendera ndogo juu ya fimbo ndefu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule niliiacha mapema, si kwa ujinga, bali kwa sababu kila siku nilitaka kujua kilichoko nyuma ya ukuta mwingine. Nilikuwa nimeshauza viatu vya mitumba, nimeshapakia saruji, nimeshalinda parseli, kiwanja na nyumba, ya mtu aliyesafiri na hakurudi. Siku moja nikipita mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, karibu na soko, nikaona kupitia dirisha mwanamume akiinua suruali ya kijivu kwenye mwanga, akiigeuza polepole, jicho moja limefumbwa, kama anayetafuta ufa kwenye yai. Nikasimama. Akaniona. "Unatafuta nini?" Nikamwambia sitafuti kitu, ninaangalia tu anachoangalia. Akacheka kidogo. "Kama unajua kuangalia, ingia." Hivyo ndivyo nilivyoingia kwa Papa Donatien, na huo ndio mlango pekee maishani ninaotamani nisingeuingia.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili iliyogeuzwa pressing, duka la kufua na kupiga pasi. Chumba cha nyuma kilikuwa cha maji: mabeseni matatu ya zinki, pipa, na kamba za kuanikia zilizovuka ua mpaka kwenye ukuta wa kanisa la jirani, ambako kwaya ilifanya mazoezi kila siku saa tisa, wimbo ule ule, ikikosea mahali pale pale. Chumba cha mbele kilikuwa cha pasi: meza ndefu iliyofunikwa blanketi la jeshi na shuka juu yake, pasi mbili za courant, na pasi tatu za makala kwa siku za délestage, umeme unapokatwa, ambazo zilikuwa siku nyingi. Kati ya chumba cha pasi na sebule ya familia kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba tu. Upande wa pili tulisikia kila kitu: redio, mtoto akisoma jedwali la kuzidisha, na Papa Donatien akimrudishia mke wake sahani. Kila siku kulikuwa na kitu. Bukari, ugali wetu, haikuiva katikati. Sombe, kisamvu chetu, ina chumvi upande mmoja wa sufuria. Samaki amekatwa vibaya. Mke wake hakujibu kamwe. Tulisikia sahani inakwenda, mwiko unakwaruza sufuria, sahani inarudi.

Na kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Nguo ikimalizika, unampelekea dirishani. Anaiinua kwenye mwanga. Akiona mkunjo nyuma ya kola, akiona kifungo kimepigwa pasi juu badala ya kuzungukwa, anakurudishia. Akiona reli, hasemi mara moja. Anakuita. "Boni, kuya huku. Angalia. Hapa treni inapita fasi gani?" Na wewe unatakiwa kujibu inapita wapi, huku wateja wanasikia. "Haipite, papa." "Haipite? Na hii reli tunajengea nani?" Wateja wanacheka. Kisha anatembea na ile suruali iliyokauka, iliyonyooka, yenye saa nzima ya mgongo wako ndani yake, anaenda nayo nyuma kwenye beseni, anaizamisha yote, anaisukuma chini kwa kiganja mpaka mapovu yanakwisha. "Ludilia." Urudie yote tangu mwanzo, hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Ungeweza kuondoa mstari wa pili kwa kitambaa kibichi na siki kidogo kwa dakika tano. Yeye alijua. Alizamisha hata hivyo.

Beseni hilo lilikuwa la Mama Véro. Wakati huo alikuwa na umri ninaokaribia mimi sasa, mjane, mfupi, mwenye sauti nzito na mzaha usioisha. Alifua nguo nyeupe za wageni kwa maji ya javel, dawa kali ya kung'arisha nguo, kutwa nzima, kwa mikono mitupu. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imebadilika rangi, nyeupe na nyekundu, imepasuka kwenye maungio, na kucha mbili zilikuwa zimekwenda. Adhuhuri tulikula pamoja uani, bukari na mchicha wa lengalenga, na yeye alikula kwa kijiko, kwa sababu chumvi ya mboga ilimuuma. "Miye niko muzungu," alisema. "Angalia, ninakulia kijiko." Suruali yangu ilipozamishwa alikuwa akiitoa na kuikamua taratibu ili isikunjike zaidi, akininong'oneza: "Usilie, mwana. Siku moja naye ataoga."

Mteja wetu mkubwa alikuwa nyumba ya wageni walikolala mainjinia. Mmoja wao, mtu mrefu aliyeongea Kiingereza na Kifaransa kidogo cha kubahatisha, alikuja mwenyewe siku moja kuchukua mashati. Akaona Papa Donatien akimrudishia kijana mwingine wa pasi shati lile lile mara ya tatu. Akatikisa kichwa kwa heshima, akasema maneno ambayo Papa Donatien aliyashika kama mtu anayeshika kuku aliyetoroka: "You are an exacting man." Papa Donatien akamwomba aandike. Mgeni akaandika neno moja nyuma ya risiti: «exacting». Wiki ile ile mchoraji akaja, akafuta jina la zamani lililokuwa juu ya mlango, akaandika kwa rangi nyekundu yenye kivuli cha bluu: PRESSING EXACTING. Watu wa Kenya walitamka kila mtu kwa namna yake, na hakuna aliyejua maana. Mimi nilitaka kujua. Ndiyo tabia yangu. Sikuweza kupita kila asubuhi chini ya neno nisilolijua.

Nikatafuta kamusi. Niliipata mjini kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, ya Kiingereza na Kifaransa, bila jalada, kurasa za mwanzo na za mwisho zimeliwa, lakini E ilikuwepo. Nikasoma uani, Mama Véro akisikiliza. Ilisema ni mtu anayedai mengi, anayetaka kazi ifanywe kwa uangalifu mkubwa, asiyekubali kosa. Ilisema pia kazi yenyewe inaweza kuwa hivyo: kazi inayochukua nguvu zako zote. Mama Véro akaangalia vidole vyake. "Kumbe bantu beko na jina muzuri vile la kusumbulia benzabo," akasema. "Miye mu kwetu minajua tu musumbufu." Nikamwambia si sawa, msumbufu ni tusi na hili ni sifa. "Tofauti iko fasi gani?" Jibu nilikuja kulipata mwaka ule ule, na lilinigharimu.

Kuna jambo ambalo ni lazima nilikiri, ingawa leo halinipendezi. Nilianza kuwa kama yeye. Baada ya miezi sita hakuna suruali yangu iliyozamishwa tena. Nilijua kitambaa kwa kugusa, nilijua kola ipi inaanzwa pembeni na ipi katikati, nilijua kutumia pasi ya makala bila kuangusha hata chembe ya jivu. Nilipomaliza shati nililiinua kwenye mwanga kabla yake, nikafumba jicho moja. Usiku nikilala niliona mistari. Wageni walianza kusema wanataka mashati yao yapigwe na yule kijana mwembamba. Papa Donatien hakunisifu hata siku moja, lakini aliacha kuangalia kazi yangu dirishani, na mimi, mpumbavu, nilihesabu hilo kuwa sifa.

Kwa hiyo nilidhani nina haki ya kusema. Pasi moja ya courant ilikuwa na waya uliochubuka. Ukishika vibaya ilikupiga mpaka kwenye bega. Nikamwomba abadilishe waya. Wiki iliyofuata nikamkumbusha. Wiki iliyofuata tena nikamkumbusha, na siku hiyo nikaongeza la pili: Mama Véro anahitaji gants za mpira, glavu za mikono, kwa ajili ya javel. Alikuwa anakunja shati, hakuinua macho. "Ni yeye alikutuma?" "Hapana, papa. Ni miye ninaona." "Weye unaona." Akamaliza kukunja. "Mama ya mashauri, ule wa beseni, tayari iko. Sasa niko na ya pili." Jioni, kupitia ukuta wa mbao, nikamsikia akimwambia mke wake: "Batumishi ba leo, kila siku kulomba. Leo gants, kesho atalomba kiti. Bantu ba kusumbuka na tubintu tudogo-tudogo." Sahani ikarudi jikoni. Bukari ilikuwa imepoa.

Hapo ndipo nilipolielewa neno lililokuwa juu ya mlango, bila kamusi. Mtu aliyeshika nguo kwenye mwanga akidai, ana neno la rangi nyekundu lenye kivuli cha bluu. Mtu aliyetia mikono kwenye beseni akidai, ana mashauri, yaani malalamiko yasiyoisha. Kudai ni kule kule. Yeye alidai kola, sisi tulidai ngozi.

Mwishoni mwa mwaka ule, dereva wa nyumba ya wageni aliniambia kwamba kambi moja ya mgodi kwenye barabara ya Kinsevere inatafuta mkuu wa kufulia nguo. Chumba chako mwenyewe, chakula mara tatu, mashine za kweli, na watu wanne chini yako. Nilimuuliza kuhusu zile mashine maswali mengi mpaka akachoka. Nikapanga kila kitu kichwani: nikipata, wa kwanza kumwita atakuwa Mama Véro, na siku ya kwanza atapewa gants. Nikamwambia. Akacheka, akasema atanunua viatu vya kuendea. Lakini siku mbili baadaye alinunua kweli, vya mitumba, vyeusi, akaviweka kwenye karatasi chini ya beseni. Kilichotakiwa ni barua moja ya patron, mwajiri wangu, kwa Kiingereza, kwa sababu wakubwa wa kambi hawakusoma Kifaransa.

Nilimwendea Papa Donatien asubuhi, nimevaa safi. Nilitarajia kelele. Hakupiga kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Ni muzuri. Kijana anapaswa kuendelea." Akachukua siku mbili. Alimtafuta mtu wa kumwandikia, akanikabidhi bahasha imefungwa. Nilimshukuru kwa mikono miwili. Bahasha ilikuwa na mkunjo pembeni, na mimi, kwa jinsi nilivyokuwa, niliipiga pasi. Pasi ya uvuguvugu, kitambaa juu yake, polepole, isije gundi ikaachia. Niliinyoosha barua ile kama kola ya bwana harusi.

Nilipanda nyuma ya lori la mchanga, barua kifuani ndani ya plastiki. Getini kulikuwa na ofisi ndogo na mwanamke wa Zambia aliyeajiriwa kupokea watu, mnene, mtaratibu, miwani imening'inia kwa kamba. Tulielewana kwa Kibemba changu kibovu na Kiswahili chake kibovu. Alifungua barua, akasoma, akavaa miwani, akasoma tena. Akaangalia mashati niliyoleta kama mfano, matatu, yaliyokunjwa. Akageuza kola moja. "Hii unafanya weye?" Nikasema ndiyo. Akatazama barua. "Nani anakuandikia hii?" Nikasema patron wangu. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akanionyesha neno. Nililisoma herufi kwa herufi: «fussy». "Unajua maana?" Nilimwambia kamusi yangu ina E, na F nadhani ipo pia, lakini sikuja nayo. Hakucheka. Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mgonjwa: ni mtu anayesumbua watu kwa vitu vidogo, haridhiki, kila siku analalamika, hawezi kukaa na wenzake. Barua ilisema nafanya kazi, ndiyo, ila niko hivyo, na kwamba nachochea wengine kudai. "Huku watu wanaishi pamoja," akasema. "Wakubwa hapa wakiona neno kama hili, hawasomi chini yake." Akanirudishia mashati. Barua aliibakiza, ilitakiwa kukaa kwenye faili. Nilimwomba anirudishie bahasha tu. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu niliipiga pasi.

Nilirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Nilifika Kenya saa tisa, kwaya ikikosea mahali pale pale, nikaingia kwa mlango wa ua. Mama Véro akasimama, mikono inadondosha maji, akiniangalia usoni. Kupitia mlango wa chumba cha pasi, kutoka upande wa pili wa mbao, sauti ya mke wa Papa Donatien ilikuwa inasema, kwa mara ya kwanza mwaka mzima ikisema zaidi ya neno moja: "Lakini shi ungemuandikia muzuri? Ni mutoto ya bantu." Na yeye: "Nikimuandikia muzuri, anaenda. Kesho nani atapiga pasi? Hawa bengine banajua tu reli." Nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho. Kisha nikaingia chumba cha mbele, nikachukua suruali zote zilizokuwa tayari kuchukuliwa, kumi na ngapi sijui, zimenyooka kwenye vining'inizio, nyingi nilizipiga mimi jana yake, nikazibeba nyuma nikazizamisha zote kwenye pipa. Nikazisukuma chini kwa mikono miwili mpaka mapovu yakaisha. Mama Véro hakunizuia. Aliusogeza mfuniko tu ili usiniangukie mguuni. Papa Donatien alipotokea mlangoni nilimwambia neno moja. "Ludilia."

Nikaondoka, na huo ndio mwanzo wa kutangatanga kwangu. Nilipiga pasi Likasi, Kolwezi, Kasumbalesa, nikavuka mpaka Ndola, nikarudi, nikaenda Kalemie nikauza samaki, nikachoka na samaki, mwishowe nikarudi Katuba kupiga pasi tena. Popote nilipofika nilisikiliza watu wanaitwa nini wanapodai. Hotelini mgeni anayerudisha supu anajua chakula. Mhudumu anayeuliza siku yake ya mapumziko ana kichwa kigumu. Mke wa mkubwa anachagua. Mfanyakazi wa nyumbani anachaguachagua. Nilikuwa nakusanya kama wengine wanavyokusanya mihuri. Mama Véro nilisikia alitolewa miezi mitatu baada yangu, vidole vilipovimba na kushindwa kukamua. Hakupewa kitu. Viatu vyeusi alivivaa kanisani. Na kila mahali nilipokuwa nilimwombea Papa Donatien maisha marefu. Nasema kweli. Nilitaka nimkute.

Basi nilimkuta, juu ya kitanda changu, bila mwili. Suti ilikuwa nyeusi, sufu nzuri, ya zamani, iliyokunjika sana kwa sababu ya mfuko. Courant ilirudi baada ya chakula cha mchana. Clarisse akafika muda si mrefu, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, simu mkononi, akipokea pole za watu wa mbali. Nilianza na koti. Niliweka kitambaa kibichi, nikashusha pasi bila kuburuta, mabega kwanza, kisha mgongo, kisha kola. Mikono haikusahau. Nilikuwa nimeshalimaliza na kulitundika alipoweka simu pajani akasema: "Yaya Boni, kuko jambo alisema. Mwezi wa mwisho alikuwa anasahau majina yetu, lakini yako hapana. Kila shati tulimuvalisha alikuwa analitazama kwa dirisha, halafu asema: hii hapana Boni. Siku moja minamuuliza, Boni ni nani? Akasema, uyu njo exacting. Miye nilikuwa na neno ku mulango tu. Yeye njo alikuwa nayo." Akacheka, akafuta macho. "Hujue neno ile? Ya pressing yetu ya zamani."

Nilimwambia ninaijua. Nikaigeukia suruali.

Nataka kusema jinsi ilivyokuwa, bila kujipamba. Huyu ndiye exacting: neno hilo nilikuwa nimelitafuta. Kama lingeandikwa kwenye barua ile, kwa mkono ule, maisha yangu yangekuwa na anwani. Nilipolisikia, kitu kiliinuka kifuani, kitu kama cha yule kijana wa dirishani, na kwa muda wa kushusha pumzi nilikuwa tayari kumnyooshea suruali vizuri kuliko yoyote aliyowahi kuvaa maishani. Kisha nikaona vidole vya Mama Véro vikishika kijiko. Neno lilikuwa limekuja limechelewa, limekuja kwangu peke yangu, na limekuja wakati ambapo yeye hakupoteza chochote kwa kulitoa. Alikuwa hahitaji tena mtu wa kumpigia pasi. Isipokuwa mara hii moja.

Nikalinganisha mishono ya mguu wa kulia, nikautafuta mstari wa zamani kwa vidole, nikaweka mstari mmoja, safi, kama kisu. Nikageuza mguu wa kushoto. Nikaweka mstari wake pia, safi. Kisha nikasogeza kitambaa upana wa kidole kimoja, nikaloanisha, nikashusha pasi na kuikandamiza kwa uzito wangu wote, kutoka pajani mpaka chini. Mvuke ulinipiga usoni. Clarisse aliinua macho, akauliza kama imeisha. Nikamwambia imeisha. Nilingoja aiinue kwenye mwanga, mtoto wa baba yule. Hakuinua. Aliikunja juu ya mkono wake bila kuangalia, akaniambia aksanti, akanishika bega. Hapo tu ndipo nilipoona aibu, na aibu hiyo ilinitosha dakika chache tu.

Kesho yake asubuhi, kilioni, parseli ilijaa mpaka barabarani. Marehemu alikuwa amelazwa sanduku wazi sebuleni, upande ule ule wa ukuta wa mbao, mwili wote unaonekana mpaka viatu. Watu walipita mmoja mmoja. Nilipita nikaangalia chini, si usoni. Reli ilikuwepo. Ilikimbia kwenye mguu wa kushoto chini ya taa, na watu waliinama mbele yake, wakafanya ishara ya msalaba, wakaenda. Hakuna aliyeona. Nikasimama ukutani, nikijiuliza kama ni kisasi, kitu ambacho ni mimi na maiti tu tunakijua.

Kisha akaingia Mama Véro, ameshikwa mkono na mjukuu, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na miguuni viatu vyeusi. Hakuniona. Alifika kwenye sanduku akasimama muda mrefu. Macho yake yalishuka kutoka kwenye tai mpaka kwenye mkanda, mpaka kwenye paja, yakakaa hapo. Akainama. Akanyoosha mkono ule, vidole vyenye mabaka, akagusa mstari wa kwanza, akagusa wa pili, akaufuata polepole kwenda chini. Mabega yake yakaanza kutikisika, na wanawake wakamshika wakidhani analia. Akainua kichwa akatafuta ukutani mpaka akanipata. Alikuja kwangu ameziba mdomo kwa leso.

"Boni," akasema. "Treni inapita fasi gani?"

"Inamupeleka, mama."

Akacheka ndani ya leso mpaka akakohoa. Nilishika mkono wake, ulikuwa mgumu kama gome. Alipopata pumzi alitazama tena kule kwenye sanduku, akafumba jicho moja.

"Lakini ile ya pili inapinda," akasema. "Pale chini ya goti. Ulifanya haraka. Ungeiludilia."

Nikainua shingo juu ya vichwa vya watu. Alisema kweli, ilikuwa imepinda, upana wa uzi, chini kidogo ya goti. Nikapiga hatua moja mbele, na vijana wanne wa kubeba sanduku wakainua mfuniko wake kulifunga.